Udongo wa Juu ya Mwamba

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopanda mwambani na jembe na karai, nikiwa mke mpya asiyesikia la mtu. Hapa Mlali, juu ya mashamba yetu, ule mwamba mpana ulikuwa na udongo usiofika hata kina cha kidole. Mvua za kwanza zikinyesha, vilitoka humo viua vidogo vya zambarau, vikachanua wiki chache, vikamwaga mbegu, vikafa. Miezi iliyobaki ungeona vumbi tu.

Bibi yangu aliyenilea alivipenda kuliko mahindi yake. Wakati huo alikuwa Morogoro Mjini kwa mjomba, akitibiwa macho. Mimi nilikuwa nakandika nyumba yangu, na udongo ule ulikuwa laini, tena karibu, tena hauna kitu. Niliukwangua wote, jiwe likabaki tupu. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

Bibi alirudi haoni. Mvua ziliponyesha akaniuliza kama viua vyake vimetoka, nikasema vimetoka vingi. Akaomba nimpeleke. Nilimshika mkono huku nikitafuta uongo mwingine njiani, nisiupate. Tulipofika alipiga magoti, akapapasa jiwe kwa viganja vyote viwili, muda mrefu.

"Udongo uko wapi?" akauliza.

Nikamwambia uko ukutani kwangu.

"Mbegu zilikuwa zimelala humo," akasema. "Ungeniuliza tu, mjukuu wangu."

Hakunigombeza, wala hakutaja tena mwamba hadi tunamzika. Masika yale vimea vichache vilichipua ukutani, vikanyauka kabla ya kuchanua.

Kila mwaka mvua zikianza napanda mwambani, hata sasa magoti yanapouma. Mwaka huu pia nimekuta maji yanateleza juu ya jiwe, basi. Sitegemei tena kuona kitu. Napanda kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Nimesikia unataka kuchimba kile kipande cha ng'ambo ya kijito, kwa kuwa eti hakina kitu. Mwanangu, ardhi usiihukumu kwa kiangazi. Waulize kwanza waliokaa nayo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kabla mtu hajapiga magoti kutafuta ulichoharibu. Mimi sikusema, na sasa sina wa kumwomba radhi.

Mungu akuzuilie mkono pale nilipouachia wangu, na akupe subira niliyoikosa. Amina.