Watatu Mbele Yangu

Juzi nilimwona mjukuu wangu akirudi kinyumenyume uwanjani mbele ya washambuliaji watatu wenye mpira, na hofu ya zamani ikanirudia.

Utotoni mwangu, kiwanja chetu cha Goma kilikuwa cha changarawe nyeusi ya volkano, nasi tulicheza miguu mitupu. Alasiri moja Papa Rukara, mfuga ng'ombe wa Masisi aliyetufundisha mpira, aliniweka beki peke yangu mbele ya goli. Nikishindwa kuwazuia wenzangu, mechi ya Jumapili sichezi. Vijana watatu wakaja mbio na mpira, changarawe ikilia chini yao.

“Kamwite mama yako!” mmoja alicheka.

“Mutoto, usiwarukie!” Papa alipaza sauti. “Rudi nyuma polepole!”

Nilidhani ananiona mwoga. Kwetu, aliyemkimbia fahali alichekwa mpaka siku ya kuoa. Nikafumba macho, nikawarukia. Mpira ukapita, magoti yakachanika.

“Ng'ombe watatu wakitoroka, utawapiga kichwa?” Papa aliuliza. “Unawatazama, unarudi nyuma, unatanua mikono mpaka wageukie kando. Tena!”

Wakaja tena. Nikarudi nyuma nikiwatazama, mikono nimeitanua. Mwenye mpira akasita, akaenda pembeni, akaupiga nje.

Sasa najua alinifundisha kuwachelewesha, si kukimbia. Jumapili nilicheza, nikiogopa vilevile, ila macho wazi.