Udi Uliofunika Kikohozi

Harufu ya udi hunitia kichefuchefu, nami ni mwanamke wa pwani. Harusini watu wananicheka, nawaacha wacheke. Msimu ule mama mdogo Mwanaidi alipokuwa mgonjwa, nyumba yetu ya kisiwani Juani ilifukizwa udi asubuhi na jioni. Alikuwa na kifafa. Kilimwangusha kwenye maji ya magotini akifunga mwani, akapaliwa, wenzake wakamtoa. Wiki mbili baadaye ikaja homa, jasho la kulowesha mkeka, na makohozi yenye uvundo wa pweza aliyesahauliwa kikapuni. Kazi yangu, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa kumwaga kopo lake la jivu alilotemea. Nilibana pumzi, naye akiniona aligeukia ukutani.

Bibi alimpenda sana bintiye huyo, lakini aibu aliiogopa kuliko bahari. Siku ya kuvuka kwenda hospitali alimfukizia kanga, akamtafunisha karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Daktari alimwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akauliza kama makohozi yananuka. "Marahaba, baba. Hayanuki. Kikohozi tu." Bibi akanitazama. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Hilo ni kosa langu, na silipunguzi. Tukapewa vidonge vya siku tano, tukarudi.

Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha methali hiyo. Mama mdogo alipozidiwa tukavuka tena, na safari hii nililificha kopo kikapuni chini ya mihogo, nikalifunua mbele ya daktari. Bibi alinifinya. Daktari akainama, akanusa, akaagiza picha ya kifua. "Ni jipu ndani ya pafu," alisema. "Kifafa kilipomshika, maji na uchafu wa kinywani viliingia, pakaoza, pakajaa usaha." Wakamtundikia dawa ya mshipa, wakamlaza ubavu, kichwa chini, usaha upate kutoka. Daktari alisema dawa hiyo huchukua wiki nyingi, na ingefaa ianze siku ile ya kwanza. Mama mdogo aliishi siku nne tu. Siku ya tatu alinishika mkono, nikamwomba radhi. "Hata mimi nilinyamaza," akasema.

Siku hizi dukani kuna marashi ya kupuliza, yanafunika harufu kuliko udi. Kwangu hayaingii. Mwanangu akikohoa namwambia atemee kwenye kopo, nami nainama kunusa. Juzi aliniuliza kwa nini ninalia, na kopo lilikuwa halina harufu yoyote.