Kanali Aliyeishia Mlangoni

Athanase alikuwa kanali kwa muda mfupi, katika jeshi la waasi kule Kongo ambalo lenyewe halikudumu, na mbunge kwa muda mfupi zaidi, katika bunge la mpito ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, alizungumza mara moja tu: aliomba dirisha lifungwe. Kwa sifa hizo mbili alidai heshima ya Durban nzima. Tangu afike mwaka 2008 alilinda magari ya wateja mbele ya maduka ya Umbilo Road, kazi ya halali isiyomwaibisha mtu yeyote isipokuwa yeye. Aliiita "kamandi". Kila asubuhi aliwapanga walinzi wenzake mstari, akawakagua vizibao vyao vya njano kana kwamba adui alikuwa amelala mtaa wa pili, Glenwood.

Katika chuo cha maafisa alisoma habari za Mwingereza mmoja wa karne ya kumi na saba, afisa wa jeshi na mbunge, aliyepigana na mfalme wake. Wabunge wengi walipotaka kupatana na mfalme, afisa huyo na wenzake waliafikiana askari wasimame mlangoni mwa bunge na kuwazuia wote ambao kura zao hazikufaa. Athanase aliisimulia hadithi hiyo harusini na hata msibani, na kila mara aliishia mlangoni.

"Kisha?" aliuliza Libérate, mwenye saluni kule Greyville.

"Kisha nini, maman? Alishinda!"

Mwaka 2012 jumuiya ya Wakongomani wa Durban ilipaswa kuchagua rais wake. Athanase aliutamani urais huo hadi akakosa usingizi. Libérate naye aligombea, na kila mtu alijua atashinda, kwani ndiye aliyewasindikiza wagonjwa hospitali na kuwatafsiria Kizulu wakati Athanase akipokea saluti.

Jumapili ya uchaguzi, baada ya ibada, Athanase aliwaingiza walinzi wake katika ukumbi wa kanisa, jirani na maduka yale, maana nao walikuwa wanachama. Mkuu wao, Peguy, alisimama mlangoni na wawili wengine, wakawazuia waumini waliobaki.

"Fasi imejaa, hakuna nafasi," Peguy alimwambia Libérate.

"Imejaa nini? Ninaona viti vitupu."

"Eish, maman, viti vya wageni. Rudi nyuma." Kwa mazoea ya kazi akaanza kumwongoza kwa mkono. "Nyuma... nyuma kidogo... kata kushoto... sharp, hapohapo!"

"Peguy, miye si Toyota!"

Wanawake waliozuiwa pamoja naye walicheka, lakini hawakuingia.

Mtu mwenye akili angebaki ndani akapigiwa kura. Athanase alitoka nje, kwa sababu ushindi usiotazamwa na aliyeshindwa haukumtosha.

"Umeona, maman?" alimwambia Libérate. "Hii ndiyo historia."

Akageuka arudi ndani. Peguy alinyoosha mkono.

"Fasi imejaa, Kanali."

"Wewe! Nani alikuweka hapo?"

"Ni wewe, Kanali. Nyuma kidogo..."

Vijana hao, ambao Athanase aliwaita wajinga kila asubuhi, walikuwa wameelewa somo kuliko mwalimu wao: kama mwenye mlango ndiye anayemfanya mtu kuwa rais, kwa nini amfanye mtu mwingine? Humo ndani walikuwa wao peke yao. Walimchagua Peguy kwa vigelegele.

Athanase alisimama kando ya robot, zile taa za barabarani, kofia mkononi. Libérate alimfuata taratibu.

"Sasa, Kanali, yule Mwingereza wako. Kisha?"

Mimi ninayesimulia nimesoma historia chuoni, kwa hiyo ningeweza kumjibu. Kisha mkuu wa jeshi alilifunga bunge lenyewe kwa askari walewale, na afisa yule akafia uhamishoni, katika nchi ya watu. Athanase hakuwahi kufika kurasa hizo.

Gari jeupe lilikuwa likitafuta nafasi mbele ya maduka. Mbunge na kanali alivaa kofia, akalikimbilia huku akipunga mkono.