Mazishi ya Myrtis Bila Zumari

Kefisodoro, jirani yangu hapa Athene, alipuliza zumari katika maigizo yetu kwa miaka thelathini, mpaka mashavu yakamlegea. Mkewe Myrtis alikuwa akimtania, "Mume wangu, hayo mashavu hata ukipiga chafya yanatoa wimbo."

Baada ya kumzika binti yao, walibakiwa na mtoto mmoja, Aristilo. Kijana huyo alianza kwenda nje ya ukuta wa mji kumsikiliza mwanafalsafa fulani, na kila akirudi alizidi kumwonea haya baba yake.

"Baba, wimbo si mchezo," alisema siku moja, sote tukiwa uani. "Ukibadilisha nyimbo za watu, umebadilisha sheria zao bila kupiga kura. Umma unaolizwa leo, kesho utatawaliwa na yeyote anayejua kuutoa machozi."

Mzee akaangua kicheko. "Myrtis, umesikia? Kumbe umeolewa na mpindua serikali!"

Majira ya baridi, Myrtis akashikwa na homa. Alipoona haponi, alimwomba mumewe jambo moja tu: amsindikize kwa wimbo ule wa maombolezo, wa mtindo wa Kilidia, aliompulizia binti yao walipomzika. Kefisodoro akamwahidi.

Siku ya kumtoa, jeneza likiwa mlangoni, mzee alijifunga ukanda wa ngozi unaoshika mashavu ya mpuliza zumari. Aristilo akamdaka mkono.

"Usipulize, baba. Utatulegeza mioyo sote."

"Huyu ni mama yako, Aristilo."

"Najua ni nani! Ukipuliza, mimi sibebi."

Mzee akatutazama sisi majirani. Alifikiri, nadhani, kwamba mama asiyebebwa na mwanawe ni aibu mbele ya mji mzima. Akaufungua ule ukanda polepole. Tukaenda kimya, viatu tu vikisikika. Aristilo alibeba mbele, macho makavu.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilimsindikiza mzee kaburini, mimi na maziwa na asali ya kumtolea marehemu, yeye na zumari yake. Alipuliza kidogo, akaacha.

"Wimbo huu ni wa njiani," akaniambia. "Na yeye ameshafika. Nampulizia nani sasa?"

Akalia pale mpaka nikamwinua.

Aristilo bado huja kumsalimia kila mwezi mwandamo, kwa heshima zote. Hunywa divai pamoja, wakazungumza habari za baraza na za vita. Jina la Myrtis hakuna anayelitaja.