Mondo wa Shamba la Nduma

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Wanzala amezama kwenye tope hadi magotini, bondeni chini ya mtaa wa Riruta Satellite. Anang'oa nduma, yaani magimbi. Anainama, anavuta, kisha anatupia jicho matete yaliyoachwa kona ya shamba.

"Ukikuja hapa usiongee sana," ananong'ona. "Ako na mtoto huko ndani."

Anayezungumziwa ni mondo, paka wa mwituni mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na madoadoa meusi, anayependa majani marefu karibu na maji. Mabonde ya namna hii yamebaki machache jijini, na mondo naye haonekani ovyo.

Wanzala, mwenye umri wa miaka 54, hutembea kila siku kutoka kijiji cha Raila, mtaani Kibera. Shamba amekodi kwa Nyawira, ambaye wote humwita Mama Kimotho. Mkewe, Phanice, huchemsha nduma hizo na kuziuza Sarang'ombe, huko huko Kibera. Watoto wanne wamesomeshwa na tope hili.

Adui zake ni fuko na panya. Msimu uliopita, katika kila mashina kumi, matatu yalitafunwa. Miezi mitatu iliyopita akafanya kama majirani: akapaka sumu kwenye vipande vya viazi vitamu, akavizika mashimoni.

"Niliweka chini ya udongo. Nikajua itabaki huko huko," anasema.

Haikubaki. Panya waliokula walitoka nje wakiyumba, mondo akawaokota bila jasho na kuwapelekea wanawe. Siku ya tatu Wanzala alikuta watoto wawili wa mnyama huyo wamekufa kando ya matete. Alidhani ni watoto wa chui, akatimua mbio. Mlinzi mmoja wa wanyamapori ndiye aliyemweleza baadaye kwamba ni mondo, na kwamba chakula chake kikuu ni panya.

"Kumbe huyo ndiye alikuwa ananisaidia bure, na mimi nimemuulia watoto," anasema Wanzala, akifuta tope mikononi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Hiyo siku sikukula."

Wiki moja baadaye alimwona mama mondo akipita na mtoto mmoja aliyebaki. Tangu hapo sumu ameiacha. Hutega fuko kwa waya, kazi ya pole pole inayomchosha mgongo.

Mwezi uliopita kuku watatu wa Mama Kimotho walitoweka. Akamshuku mondo, akaagiza matete yafyekwe Jumamosi na kuchomwa. Wanzala si mtu wa kubishana. Ijumaa alifika kwake na mbao na wavu, akajenga kibanda cha kuku.

"Mama, nipee mwezi mmoja," alimwambia. "Kuku ikipotea tena, nitafyeka mwenyewe."

Mama Kimotho anacheka akikumbuka. "Nikamwambia, Wanzala, sasa umekuwa askari wa kuku juu ya paka? Lakini nikampea."

Leo ni siku ya ishirini na sita. Kila jioni, kabla ya kurudi Raila, Wanzala huwafungia kuku ambao si wake. Hajapotea hata mmoja. Mwezi ukiisha salama, anataka kuwaendea majirani wawili, awaombe nao waache sumu.

Matete yanatikisika. Masikio makubwa yanachomoza, na nyuma yake madogo. Wanzala anasimama tuli, nduma mkononi, hadi yanapopotea.

"Wawili niliwaua mimi," anasema. "Huyu lazima akue."