Geti la Magurudumu Mawili

Shule niliacha kidato cha pili. Au niseme tuliachana kwa amani: yenyewe haikunihitaji, na mimi sikuielewa. Nilichotoka nacho ni imani moja tu, kwamba kitu chochote kilichofungwa kwa nati naweza kukifungua. Kukirudishia nadhani lilikuwa somo la kidato cha tatu.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu. Siku moja nikaenda Kisongo kwa wauza vyuma chakavu kutafuta bomba la kufanyia ngazi, nikaikuta imelala chini ya mabati. Baiskeli ya mashindano ya zamani, zile za matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa na kutu mpaka rohoni. Siti ililiwa na panya, na gurudumu la nyuma lilikuwa na umbo la chapati ya mtu anayejifunza.

"Kaka, hiyo inakwenda kuyeyushwa," mwenye eneo akaniambia. "Itatoka nondo."

Sijui nilipatwa na nini. Nikaitetea kama ndugu yangu yuko mahabusu. Bomba nikalisahau, nikarudi Ngaramtoni nimebeba baiskeli begani, kwa sababu yenyewe haikuwa na uwezo wa kunibeba.

Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Baba watoto, hiyo ni nini?"

"Baiskeli."

"Najua. Nilitaka nisikie kama na wewe unajua." Akaizunguka. "Keria iko wapi?"

"Hii ni ya mbio, mama watoto. Haina keria."

Yeye ni Mmeru, kwao ni mlimani juu ya Tengeru, na huko baiskeli kazi yake ni kupeleka ndizi sokoni. Akanitazama kwa huruma. "Baiskeli isiyobeba ndizi si mkongojo tu wenye kengele?"

"Kengele nayo haina."

"Basi mkongojo."

Nikaifungulia sebuleni. Mafuta ya taa, msasa, spana ya kuazima, na mimi katikati nimekaa kama daktari. Siku nilipofungua ekseli ya nyuma, gololi zikatawanyika nyumba nzima. Nyingine nilizipata chini ya kochi. Moja aliipata mke wangu kwenye wali, akaiweka pembeni ya sahani yangu taratibu, akasema, "Mwenye nyama yake ajitokeze." Watoto walicheka mpaka wakashindwa kula.

Usukani niliufunga juu chini. Nikazunguka nao Ngaramtoni nzima kifua mbele, kila mtu ananipungia mkono, nami nawapungia. Nilidhani wananipongeza. Ni fundi baiskeli wa pale sokoni aliyenisimamisha: "Bro, unaendesha baiskeli au unakamua ng'ombe?" Akaugeuza, akanyoosha na lile gurudumu la chapati, huku anacheka peke yake.

Rangi nilikuwa nayo. Kuna mteja nilimpakia geti, kopo likabaki na akasema nichukue. Ikawa kijani iliyokolea, inang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Kasoro yake moja: geti lenyewe liko barabarani kabisa na kila mtu analijua. Nilipotoka nayo mara ya kwanza vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Oyaa, geti limetoroka!" Jina likaganda.

Sikujali, nikazidi kuipamba. Sokoni kuna mama wa Kimaasai anayetengeneza shanga. Nilimpelekea baiskeli nzima azungushie usukani, akaishika kichwani kama anakagua mnyama.

"Huyu ndiye ng'ombe wako?"

"Ndiye huyo, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake. "Sina mwingine."

"Amekonda," akasema, lakini akamvalisha vizuri sana, nyekundu, nyeupe na bluu. Nyuma nikafunga kipande cha mpira cha kuzuia matope, nikaandika kwa brashi: MZIGO NI MIMI. Hilo lilikuwa jibu langu kwa mke wangu. Alilisoma, akasema walau nimekiri.

Ikafika sikukuu ya mavuno kanisani kwao. Yeye na watoto walitangulia kwa mama yake Jumamosi. Kabla hajaondoka akanigeukia. "Kama kweli hilo geti ni baiskeli, njoo nalo. Na mkungu wa ndizi juu."

Basi Jumapili alfajiri nikalifunga riboni nyekundu mbele na nyuma, kama gari la harusi, maana hii ilikuwa safari ya kwanza ya maana. Nikaukata mji wote wa Arusha, nikashuka hadi Tengeru, nikanunua mkungu, nikaufunga kwenye bomba la katikati. Kutoka pale kupanda mlimani, nani alimbeba nani, tusiingie huko. Ila nilipokaribia kanisa nilipanda tena, nikaingia uwanjani nimeketi, natoa jasho kama sufuria la makande.

Ibada ilikuwa imeanza. Pembeni ya ukuta kulikuwa na sadaka za mavuno: maboga, kahawa kwenye debe, kuku wamefungwa miguu, mbuzi mmoja amevaa riboni nyekundu. Nikaegemeza baiskeli hapo hapo. Mzee wa kanisa aliyekuwa akipokea akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wetu. Hii umeleta wewe?"

"Nimeleta mimi, mzee."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Machozi yakamlengalenga. Nikawaza, jamani, hawa watu wanapenda ndizi.

Nikajibanza benchi la nyuma. Wakati wa matangazo yule mzee akasimama mbele. "Bwana asifiwe! Leo kuna mtu katoa sadaka ambayo hatujawahi kuiona hapa. Katoa baiskeli!"

Kanisa zima makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Nikamwambia jirani yangu, "Watu wenye moyo bado wapo."

"Ya kijani," mzee akaendelea, "imevikwa shanga, na ndizi juu yake. Ni mkwe wetu, yule fundi rangi!"

Mikono yangu ikaishia hewani. Mbele kabisa, mama mkwe akageuka. Huyu mama miaka yote ananiitikia vizuri, halafu anamuuliza binti yake kitu kwa Kimeru ambacho sijawahi kutafsiriwa. Siku hiyo alinitazama anatabasamu meno yote, akamgusa mwenzake begani, akaninyooshea kidole: huyo, huyo ni wangu.

Sasa uniambie. Ningesimama niseme samahani jamani, naomba baiskeli yangu, chukueni ndizi tu?

Nikatabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Maboga yakaenda, kahawa ikaenda, mbuzi akaenda. Ikaletwa baiskeli yangu. Mzee akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, likaimba ile sauti yake ya tik-tik-tik niliyoipata kwa kupaka grisi usiku na mchana. Akasoma kwa sauti, "Mzigo ni mimi!" Watu wakaangua kicheko. Ndizi zikauzwa kivyake. Baiskeli ikaanzia bei ya jogoo.

Nikaongeza. Mama mkwe akanishusha mkono taratibu. "Mwanangu, umeshatoa. Inatosha. Waache na wengine wabarikiwe."

Nikaona mfanyabiashara mmoja wa mjini, miwani myeusi, shati limenyooka, anapandisha. Ikafika bei ya mbuzi. "Nitaitundika ukutani, pale baa," akamwambia jirani yake. Ukutani! Chuma nilichokiokota Kisongo kwa mikono yangu!

"Kwa mara ya kwanza!" mzee akaita. "Kwa mara ya pili!"

"Naongeza!"

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Alitaja bei ya ndama. Nikajua ni hela ya kabati, lile kabati la vyombo alilokuwa akiliwekea akiba tangu mwaka juzi. Yule wa miwani akamwangalia, akaona ile sura ambayo mimi naifahamu, akarudisha mikono mfukoni.

Nikamfuata mbio. "Mama watoto, asante, yaani sijui niseme..."

"Asante ya nini?" Alikuwa ameshashika usukani kwenye shanga. "Nimejinunulia baiskeli yangu."

Hakutania. Wiki ile ile ikafungwa keria. Nilifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na inabeba ndizi. Jioni anajifunza kuendesha kwenye uchochoro wetu, kanga kaikaza juu ya suruali, watoto wanashangilia, bodaboda wanapiga kelele kwamba geti leo limefunguka. Mimi nakimbia nyuma nimeshikilia siti.

"Usiniachie!"

"Sijakuachia!"

Nilikuwa nimeshamwachia tangu kwenye kona.