Bwana Majani na Matuta ya Nyuma ya Jiko

Sokoni walimwita Bwana Majani, na jina likamganda. Baba yangu alikuwa mkulima wa vitunguu ambaye kwa misimu miwili mfululizo hakuvuna kitunguu hata kimoja. Alivuna majani. Yalikuwa marefu, ya kijani kibichi, yanapendeza kuyatazama, na ukiyang'oa unakuta chini shingo nene kiasi cha kidole gumba, basi. Ukimuuliza, alikuambia udongo wa huku bado haujamzoea. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na hata mimi nilijua udongo haumzoei mtu.

Tulikuwa wageni pale. Tulitoka nchi ya mbali, upande wa kaskazini, ambako wakati wa kiangazi jua huchelewa kuzama mpaka watoto wanalazwa kungali mchana. Huko babu yetu alikuwa na sifa kwa vitunguu vyake, na baba yake kabla yake vilevile, na mbegu ilikuwa ileile, waliyoipata kila mwaka kwenye maua ya vitunguu vyao wenyewe. Shamba la ukoo lilipokwenda kwa kaka zake wakubwa, baba alichukua mbegu akaivusha mipaka, akatuvusha na sisi. Nimeitaja mbegu kwanza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Shamba alilokodi lilikuwa kandokando ya bonde. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, vyumba viwili, na jiko limebandikwa kwa nyuma kama lililosahauliwa likakumbukwa baadaye. Sinki lilivuja, kwa hiyo ndoo ilikaa chini yake siku zote, na kazi ya kuimwaga ilikuwa yangu. Mama alifanya kazi kwenye banda la kupakia matunda. Kutwa nzima alisimama na wanawake wengine mbele ya mkanda unaotembea, wakichambua machungwa yaliyooza. Alirudi vidole vimekunjamana, miguu imemvimba, akaingia jikoni moja kwa moja. Hayo machungwa mabovu ndiyo yaliyotulisha sisi wanne. Baba yeye alikuwa analima.

Msimu wa kwanza alilaumu udongo. Msimu wa pili alilaumu maji ya mfereji. Jirani yetu mwenye trekta alikuja akaegemea uzio, akamwambia kwa upole, "Mzee, hiyo mbegu yako hapa haikubali. Nunua ya hapahapa." Baba akamjibu kwamba ukoo wake ulilima vitunguu kabla trekta halijatengenezwa. Jirani alicheka, akidhani anataniwa, halafu akamwangalia usoni akaona si utani. Hakuegemea tena uzio wetu.

Mama hakubishana. Alichukua siku yake ya mapumziko, akaenda mjini kwenye duka la pembejeo, akamweleza muuzaji mkasa wote. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimuuliza swali moja tu: huko kwenu kiangazi jua linazama wakati gani? Mama alipomwambia, muuzaji akatikisa kichwa. "Kitunguu kinafuata urefu wa mchana, dada yangu. Chenu kinangoja mchana mrefu ndipo kijue wakati wa kuvimba umefika. Hapa mchana mrefu hauji. Kitangoja hivyohivyo mpaka kikauke."

Mama akarudi na pakiti ya mbegu ya dukani, akaiweka mezani wakati tunakula, akarudia maneno yale bila kuongeza wala kupunguza.

"Kwani kitunguu kina macho?" baba akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Huyo anauza mbegu, ulitaka aseme nini? Vitunguu vya dukani ni maji matupu. Ukivikata hata machozi hayatoki."

"Basi nipe matuta matatu ya nyuma ya jiko. Haya mengine yote panda unavyotaka." Mama alikuwa anamchambulia mdogo wangu samaki miiba, hakuinua uso. "Na jambo jingine, baba watoto. Msimu huu tusipovuna vitunguu, mimi na wasichana tunahamia mjini kwa mdogo wangu aliyetutangulia huku. Sigombi. Nakuarifu mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Baba akaendelea kula. "Tutavuna," akasema.

Ndivyo tulivyoanza msimu wa tatu. Nilikuwa na rafiki pale shuleni, nilikuwa na kona yangu ya kulala dirishani, sikutaka kwenda kubanana mjini kwa mtu. Kila jioni nilikwenda kuchungulia matuta. Ya mama yalianza kupasuka udongo taratibu, na vitunguu vikawa vinachomoza mabega yao mekundu. Ya baba yalikuwa majani.

Hapo ndipo baba alipokumbuka dawa ya kwao. Huko, kitunguu kikizubaa, kikazidisha majani, hukanyagwa. Ukoo mzima huvua viatu na kupita juu ya matuta, majani yanalala, na nguvu iliyokuwa inapanda juu inashuka chini kwenye kichwa. Kwa kitunguu kilichokaribia kukomaa labda husaidia, sijui. Baba alitupanga Jumapili asubuhi, mimi na mdogo wangu, pekupeku, yeye mbele.

"Kisigino," akatufundisha. "Msikanyage kwa vidole. Laza shingo, usiivunje."

Tulikanyaga. Mdogo wangu aliona ni mchezo, akawa anacheza na kuimba nyimbo za shule. Majani yalikuwa baridi na yanateleza, na harufu ilitupanda puani mpaka macho yakatiririka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na beseni la nguo.

"Mama watoto, vua viatu uje. Ni kazi ya nyumba nzima."

"Nyumba nzima imechoka," mama akajibu, akaenda kuanika.

Trekta la jirani likapita barabarani polepole kuliko kawaida. Nilimwona jirani amegeuza shingo kabisa, anatutazama, mtu mzima na watoto wake wawili wanacheza ngoma juu ya vitunguu. Nilitamani ardhi inimeze. Baba akampungia mkono.

Siku mbili baadaye majani yalikuwa yamesimama tena, yote, yamenyooka. Nilikaa ukingoni mwa tuta nikalia kwa hasira. Sikuwa nayalilia majani. Nilimlilia baba, ambaye alikuwa ameshafika kabla yangu na anayakagua moja moja, anayasifia rangi.

Kisha akaja mnunuzi. Sote tulimwita Tajiri, ingawa suruali yake ilikuwa na kiraka na lori lake lilikuwa linawashwa kwa kusukumwa. Alikuwa anazunguka bonde zima akitafuta mzigo. Baba alimpeleka moja kwa moja shambani kwake. Tajiri akang'oa kimoja, akakigeuza, akang'oa kingine.

"Bwana Majani," akasema, na hakusema kwa ubaya, "mimi nauza vitunguu. Majani ninayo hata nyumbani."

Akawa anarudi kwenye lori kwa njia ya nyuma ya nyumba, na hapo akayaona matuta matatu. Akachuchumaa. Akakitoa kimoja udongoni, kizito, kimejaa kiganja, akakikung'uta, akakinusa.

"Na hivi? Hivi ni vya nani?"

Nilikuwa namwaga ndoo ya sinki, nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Mama alikuwa ndani anaosha vyombo, na dirisha lilikuwa wazi. Baba aliona dirisha liko wazi.

"Vyangu," akasema. "Mbegu ya baba yangu hiyo. Na ya babu yangu. Nimeivusha mipaka mwenyewe."

Akaendelea. Alimweleza Tajiri habari za ukoo wote, jinsi walivyokuwa wanachagua maua, jinsi wanavyokausha, na alieleza vizuri, sauti yake ikiwa imechangamka, mpaka mimi niliyejua ukweli nusura niamini. Tajiri akasema atarudi Ijumaa kubeba, na msimu ujao anataka shamba zima liwe la mbegu hiyo. Baba akampa mkono. Jikoni sahani ziliacha kugongana.

Lori lilipoondoka baba aliingia ndani, nami nikaingia nyuma yake na ndoo yangu tupu. Mama alikuwa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Umesema ni vyako."

"Ni shamba letu sote. Kuna vyangu na vyako?"

"Tangu lini? Juzi vilikuwa maji matupu."

Baba akavuta kiti akakaa. Akasema neno ambalo nadhani ndilo lilikuwa moyoni mwake tangu tulipovuka mpaka. "Nikipanda ya dukani, nimekuja huku kufanya nini? Nimewatoa kwenu kwa ajili gani? Ya dukani anapanda yeyote."

"Ndiyo," mama akasema. "Yeyote. Hata mimi, nikitoka kazini."

Baba akakwangua udongo uliokauka kwenye kiganja chake.

"Vitunguu vimepatikana, kwa hiyo kwa hilo sina neno," mama akaendelea. "Sasa nataka kitu kingine. Ijumaa Tajiri akija, mwambie ni vya nani na mbegu imetoka wapi. Sitaki upige magoti. Useme tu, kama ulivyosema leo, kwa sauti hiyohiyo. Usiposema, lori likiondoka tunaondoka nalo."

Toka siku hiyo mpaka Ijumaa nilimganda baba kama kupe. Nikamchotea maji, nikamsugulia jembe, nikamkumbusha kwa mafumbo mpaka akaniambia niache kuzungukazunguka. Nilifikiri atasema. Ni jambo dogo mno mtu ashindwe. Mtu aliyetuvusha nchi kwa miguu na kwa mabasi mabovu, atashindwa kusema "ni vya mke wangu"?

Ijumaa walipakia magunia. Mama alishona midomo ya magunia mwenyewe kwa sindano kubwa, baba akabeba. Lilipopanda la mwisho, Tajiri alimpiga baba bega. "Mzee, mbegu ya baba yako imeipenda nchi yetu."

Mama alikuwa amesimama na sindano mkononi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa kwenye ngazi ya mlango. Sote tukamtazama baba. Akafungua mdomo, nikaona kabisa amefungua, halafu akageukia lori akaivuta kamba iliyofunga mzigo, akaangalia kama imekaza.

"Funika na turubai," akamwambia Tajiri. "Naona mvua inakuja."

Mama akaingia ndani. Nguo zetu zilikuwa zimeshafungwa tangu jana yake, jambo ambalo sikulijua. Akatoka na furushi, akamuuliza Tajiri kama ana nafasi ya watu watatu mpaka mjini, Tajiri akamtazama baba, akamtazama mama, akasema ipo. Baba hakutuzuia. Alimpandisha mdogo wangu kwenye lori, akamwambia ashike vizuri, na tulipoondoka alikuwa bado anatazama kamba.

Mjini tulikaa kwa mama mdogo, fundi cherehani, chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Mimi na mdogo wangu tulilala chini ya meza ya kukatia nguo, na asubuhi tuliamka tumejaa vipande vya uzi vichwani. Mama alipata kazi ya kufua kwa watu. Baba alikuja mara kwa mara. Alisimama mlangoni, akazungumza habari za mvua, habari za jirani, habari za sinki, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda zake. Mama hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Nilimkasirikia baba, na ukweli ni kwamba nilimkasirikia mama pia. Usiku nikigonga kichwa kwenye mguu wa meza nilikuwa najiambia, wote wawili wana akili zao timamu, na mimi nalala na vitambaa kwa sababu ya maneno ambayo hata mtoto wa chekechea angeyasema.

Msimu ukapita. Siku moja mchana baba akaja, amebeba gunia begani, anatiririka jasho. Alilitua kizingitini. Mama akaja mlangoni, akainama, akakiminya kitunguu kupitia gunia. Kilikuwa kigumu, kimejaa.

"Mbegu gani?"

Baba akatazama viatu vyake. "Ya dukani."

"Sema kwa sauti. Mdogo wangu hajasikia."

Cherehani ikanyamaza. "Nimesikia, dada," mama mdogo akasema kutoka ndani. "Mwache shemeji apumue."

"Hujasikia," mama akasema.

Baba akajifuta uso kwa mkono. "Shemeji," akasema, kwa sauti ile aliyomwambia Tajiri habari za ukoo, "hivi ni vya mbegu ya dukani. Na vile vilivyokuja na lori mwaka jana vilikuwa vya dada yako. Alivilima yeye peke yake. Mimi sikupanda hata kimoja."

Nilidhani yamekwisha, lakini baba alikuwa bado amesimama vilevile.

"Ile ya baba niliisia pembeni, iliyokuwa imebaki," akasema, sasa polepole, akimwambia mama tu. "Haikuota. Imezeeka. Hata majani safari hii sikupata."

Nilitaka mama aseme kitu. Nilitaka aseme pole, au aseme nilikuambia, lolote. Yeye alisogea pembeni mlangoni kidogo, kiasi cha gunia kupita kwanza.